Namba Tisa Kwenye Kamba

Barua ya kikao imefika stoo saa nne asubuhi,
imegongwa muhuri, imekunjwa mara tatu:
jezi namba tisa istaafishwe rasmi,
ifuliwe, ipigwe pasi, iwekewe kioo,
itundikwe ukutani bwaloni, juu ya feni.
Nakala kwa mtunza stoo.
Ndiyo mimi.

Nimesoma nikacheka, kisha kicheko kikakata.
Mchezaji hutundika daluga, hilo najua.
Mtu hustaafu, akapewa kiinua mgongo,
akajenga banda la kuku Buhongwa.
Lakini kitambaa?
Kitambaa nakitundika mimi, kila Jumamosi, mwaka wa kumi na saba huu,
kwenye kamba iliyofungwa kati ya mawe mawili nyuma ya jiko,
na upepo wa ziwa hukivaa
kabla ya mtu yeyote.

Sibishi kwamba Lukelesha alikuwa Lukelesha.
Nilikuwepo ile fainali na watu wa Bukoba,
wadudu wa ziwani wameshuka kwenye taa kama moshi,
tunawatema huku tunashangilia,
pointi mbili nyuma, sekunde nne zimebaki,
naye akarusha kutoka karibu na meza ya maji.
Mpira ukapotelea ndani ya lile wingu.
Hatukuuona. Tuliusikia tu
wavu.
Mkuu wa chuo alimkumbatia mpishi.

Mwalimu Bugingo anasema heshima ni kuacha,
kiti cha marehemu hakikaliwi kabla ya arobaini.
Marehemu gani? Lukelesha yuko Kirumba,
anatengeneza injini za boti, ana kitambi.
Nimempigia simu.
"Ile jezi, shangazi? Si ilikuwa inanibana kwapani!"
Kisha akanyamaza, nikasikia spana ikiwekwa chini.
"Hivi pale ilipofumuka, ulishapashona?"

Nilipashona. Kwa uzi mweusi, maana wa bluu uliisha.
Na alipofumua yeye, alikuwa ameshafumua Masalu Nkwabi,
aliyeivaa tisa kabla yake, misimu mitatu benchi,
akafunga pointi sita katika maisha yake yote ya chuo,
nne kati ya hizo kwa bahati.
Jasho lake nalo lilitoka kwa sabuni ileile ya mche.
Kioo cha Masalu kitanunuliwa na kikao kipi?

Halafu namba zenyewe haba.
Zinaanzia nne, zinaishia kumi na tano,
ndivyo tulivyozikuta.
Leo tisa, mwakani watamkumbuka saba,
mwaka wa keshokutwa mjomba wa mtu atamkumbuka kumi na mbili,
hadi timu itaingia uwanjani vifua wazi
na ukuta umevaa vizuri.

Kwetu Magu, mtoto akilia usiku wa tatu bila homa,
bibi huanza kuyaita majina ya waliolala.
Anaita hili, mtoto analia. Anaita lile, analia.
Akilifikia lenyewe, kimya. Ananyonya.
Sijaona jina likitundikwa ukutani kwetu.
Nimeona likitafutwa gizani,
likavishwa kichanga
kisichoweza hata kuishika shingo yake.

Yupo kijana wa mwaka wa kwanza, Bwire, kutoka Ukara,
mrefu, mwembamba, mkono wa kushoto.
Anakosa. Anakosa tena. Mpira unateremka kwenye mawe
hadi majini, anaufuata, anarudi ndala zikilia,
anakosa, mpaka mlinzi azime taa.
Jana alikuja dirishani kuomba namba.
Nikamuuliza ipi.
"Yoyote iliyobaki, mama."

Barua imesema ifuliwe: nimefua.
Ipigwe pasi: nimepiga, nikaukwepa ule uzi mweusi.
Kioo fundi hajaleta, anadai hela ya awali.
Jioni hii Bwire anapita kuchukua mipira,
nami nimemwambia simama hapo kidogo,
geuka,
nataka kuona tu kama imekauka.
Mabegani imemtosha.
Kwapani inambana.